Majibu ya Mgonjwa au Majibu ya Chupa? Kiini cha Mtihani wa Maabara ya Tiba

Hili ni swali la aina wanayoipenda watunga mitihani ya kuthibitisha wataalamu wa maabara. Potasiamu 12.6 mmol/L. Kalsiamu 1.2 mmol/L. Alkalini fosfatesi (kimeng'enya) 8 U/L. Sodiamu na kreatinini hazina neno. Mgonjwa alikuja kliniki kwa miguu yake na amekaa anasubiri majibu. Utafanya nini?

Aliyekariri viwango vya kawaida ataanza kuwaza figo zilizofeli na tezi zilizokufa. Aliyeelewa kazi ataanza na mgonjwa: mtu mwenye potasiamu ya 12.6 hakai akasubiri majibu, kwa sababu moyo wake ungeshasimama. Kwa hiyo namba hiyo si yake. Ni ya nani? Hapo ndipo zile namba nyingine mbili zinapotoa ushahidi. Dawa ya kuzuia kuganda iliyomo kwenye chupa ya kifuniko cha zambarau, yaani EDTA, huwekwa humo ikiwa chumvi ya potasiamu. Ikiingia kwenye sampuli ya kemia, potasiamu inaruka juu. Kazi ya EDTA ni kunasa kalsiamu, kwa hiyo kalsiamu inaporomoka. Hunasa pia magnesiamu na zinki, na alkalini fosfatesi haifanyi kazi bila madini hayo, basi nayo inaonekana kama haipo. Namba tatu, mkosaji mmoja. Mtu alimimina damu ya chupa ya zambarau kwenye chupa ya kemia. Sampuli inakataliwa, damu mpya inachukuliwa.

Nimelianza swali hili kwa sababu limebeba mtihani mzima. Silabasi ni ndefu: kemia ya damu, hematolojia, benki ya damu, mikrobiolojia, kinga, mkojo, uendeshaji wa maabara. Watahiniwa wengi huisoma kama orodha ya mambo ya kukariri, wakafika katikati wamechoka na vimeshaanza kuchanganyikana kichwani. Lakini maswali magumu, yale yanayotenganisha anayefaulu na anayerudia, huuliza jambo moja kwa nguo tofauti: je, namba hii ni ya mgonjwa, au ni ya chupa, ya mashine, ya kitendanishi (kemikali ya kupimia) au ya mkono wa mpimaji?

Turudi kwenye potasiamu kidogo, maana ndiyo mwalimu mzuri kuliko vipimo vyote vya kemia. Ndani ya seli nyekundu mna potasiamu nyingi kuliko iliyo kwenye plazma kwa zaidi ya mara 20. Seli zikipasuka wakati wa kuchukua damu, kwa sindano nyembamba mno au kwa kutikisa chupa kwa nguvu, potasiamu inamwagika nje pamoja na vimeng'enya vya LDH na AST, na seramu inageuka nyekundu. Ila kalsiamu haiporomoki. Hiyo ndiyo tofauti yake na EDTA.

Sasa chukua damu ambayo haijatenganishwa, imelala usiku kucha kwenye friji. Seramu ni safi, haina wekundu, lakini potasiamu iko juu. Baridi imezima pampu inayorudisha potasiamu ndani ya seli. Glukosi je? Karibu haijaguswa, kwa sababu baridi hiyo hiyo imezuia seli kula sukari. Damu hiyo ingeachwa mezani kwenye joto la chumba, glukosi ingeshuka kwa takriban asilimia 5 hadi 7 kila saa, na haraka zaidi kwa mgonjwa mwenye chembe nyeupe nyingi kupita kiasi. Na kama sampuli imechukuliwa kwenye mkono wenye dripu ya glukosi, potasiamu na sodiamu zitashuka huku glukosi ikipanda hadi viwango vya kutisha. Mtahini anaweza kukupa majedwali manne yanayofanana kwa juu juu, na kila moja lina kosa lake. Ukikariri kwamba hemolisisi, yaani kupasuka kwa seli nyekundu, hupandisha potasiamu, utajibu moja. Ukijua kwa nini, utajibu yote manne.

Mpangilio wa kuchukua damu nao hauhitaji tena wimbo wa kukariri. Chupa za kuotesha vijidudu hutangulia ili zisichafuliwe. Hufuata ya buluu yenye sitreti, kisha nyekundu au ya dhahabu kwa ajili ya seramu, kijani yenye heparini, zambarau yenye EDTA, na mwisho kijivu yenye floraidi na oksaleti. Kila chupa imewekwa pale ambapo kilichomo ndani yake kikisafiri na sindano hakitaharibu ile inayofuata. Chupa ya kijivu iko mwisho kwa sababu floraidi inaua vimeng'enya na oksaleti yake huwa chumvi ya potasiamu. Hakuna anayetaka mabaki hayo kwenye sampuli nyingine.

Ile ya buluu ina mtego wake. Uwiano ni sehemu 9 za damu kwa 1 ya sitreti. Ikijazwa nusu, sitreti inabaki nyingi, inameza kalsiamu ambayo kipimo kinaiongeza baadaye, na muda wa kuganda unarefuka bila mgonjwa kuwa na tatizo lolote. Mgonjwa ambaye hematokriti yake, yaani sehemu ya damu iliyo seli nyekundu, imezidi asilimia 55 huleta kosa hilo hilo hata chupa ikijazwa barabara, kwa sababu plazma yake ni kidogo. Hapo maabara hupunguza sitreti kwenye chupa kabla ya kuchukua damu upya.

Hematolojia ina silaha ambayo kemia inaionea wivu: namba zake zinajuana. Seli nyekundu zilizo za kawaida kwa ukubwa na rangi hufuata kanuni ya tatu. Idadi ya seli ukiizidisha kwa 3 unapata himoglobini, na himoglobini ukiizidisha kwa 3 unapata hematokriti, ikipishana kwa pointi zisizozidi 3. Kanuni isipokubali, ama seli za mgonjwa si za kawaida, ama mashine imedanganywa.

Tazama mfano huu. Seli nyekundu 1.60, himoglobini 12.0 g/dL, hematokriti asilimia 20, MCV (wastani wa ukubwa wa seli) 125, MCHC 60. Wengi hukimbilia ile MCV ya 125 na kusema upungufu wa vitamini B12. Lakini MCHC ni kipimo cha himoglobini iliyoshindiliwa ndani ya seli, na seli ina mwisho wa nafasi. Kawaida ni 32 hadi 36. Sitini haiwezekani kimaumbile. Kilichotokea ni kwamba mgonjwa ana kingamwili za baridi zinazogandamanisha seli. Mashine inahesabu fungu la seli kama seli moja kubwa, kwa hiyo idadi inashuka na MCV inapanda, na hematokriti inayokokotolewa kutokana na hizo mbili inakuwa ya uongo. Himoglobini peke yake imesema kweli, kwa sababu seli hupasuliwa kwanza kabla ya kuipima. Pasha sampuli hadi nyuzi 37, changanya, pima tena: seli 4.00, himoglobini 12.0, hematokriti 36, MCV 90, MCHC 33.3. Kanuni ya tatu imerudi.

MCHC ikipanda kwa sababu ya mafuta kwenye plazma, mambo hugeuka: idadi ya seli na hematokriti ni za kweli, himoglobini ndiyo ya uongo, maana ukungu wa mafuta unaziba mwanga na kifaa kinadhani ni rangi. Kwa mgonjwa mwenye seli mviringo za kurithi, MCHC inapanda kidogo tu, na hiyo ni ya kweli, slaidi itaonyesha. Usikubali kujibu swali la MCHC kabla hujajua ni ipi kati ya zile namba tatu iliyoharibika.

Chembe sahani nazo hudanganya. Kwa baadhi ya watu EDTA huzifanya zishikamane, mashine ikaripoti 30 wakati mgonjwa hana hata alama ya kuvilia damu. Kwanza tazama slaidi. Ukiona mafungu, chukua damu kwenye sitreti na uzidishe majibu kwa 1.1, kwa sababu ile sitreti ya maji imeipunguza damu kwa sehemu moja katika kumi. Hiyo 1.1 inaulizwa sana, na inapotea kirahisi kichwani kwa asiyejua inatoka wapi.

Sasa mada ambayo watahiniwa huiogopa bila sababu: udhibiti wa ubora. Tatizo lake ni kwamba hufundishwa kama majina ya kanuni, kumbe ni maswali mawili tu. Je, mashine imehama kutoka mahali pake? Au inatikisika papo hapo ilipo?

Chati inayotumika ilipelekwa maabara na Levey na Jennings mwaka 1950, nao waliichukua kutoka viwandani, ambako Shewhart alikuwa ameibuni kusimamia bidhaa. Unapima kontroli, yaani sampuli ambayo majibu yake yanajulikana, ile ile kila siku, unachora nukta, na unaangalia nukta ziko umbali gani kutoka kwenye wastani ukizihesabu kwa mkengeuko sanifu, au SD kama kila mtu anavyosema kazini. Mashine ikiwa nzima, takriban asilimia 95 ya nukta hubaki ndani ya SD 2, na asilimia 99.7 ndani ya SD 3.

Fikiria maana yake. Ukitumia kontroli mbili na ukakataa kazi kila moja inapovuka SD 2, utakuwa unasimamisha mashine nzima takriban mara 9 katika kila 100 bila kosa lolote. Ndiyo maana mwaka 1981 Westgard na wenzake walipendekeza kutumia kanuni kadhaa kwa pamoja, ambapo kuvuka SD 2 mara moja ni onyo la kukufanya utazame zaidi, si hukumu.

Sema kontroli ya chini imetoka kwenye +2.2 SD, na ya juu nayo imetoka kwenye +2.3 SD, katika mzunguko mmoja. Zote zimeegemea upande ule ule. Mashine imehama: hilo ni kosa la kimfumo, na wa kuangaliwa kwanza ni kalibresheni (kuilinganisha mashine na viwango vinavyojulikana), au kitendanishi cha toleo jipya. Sasa sema ya chini iko +2.2 na ya juu iko −2.1. Tofauti kati yao imevuka SD 4, na zimekwenda pande zinazopingana. Kalibresheni haiwezi kuvuta huku na huku kwa wakati mmoja. Huo ni mtikisiko, kosa la kubahatisha: kiputo cha hewa kwenye pipeti, umeme unaoyumba, sampuli isiyochanganywa vizuri. Nukta moja iliyovuka SD 3 nayo kwa kawaida huelekeza huko. Nukta 4 mfululizo zilizovuka SD 1 upande mmoja, au 10 mfululizo upande mmoja wa wastani hata kama ziko karibu nao, ni kuhama. Kuhama kwa ghafla kunanuka kitu kilichobadilishwa, na kushuka polepole siku hadi siku kunanuka kitu kinachochakaa, kama taa ya kifaa au kitendanishi kilichofunguliwa muda mrefu.

Na kuna chaguo moja ambalo huwa limewekwa kwenye orodha ya majibu kama chambo: rudia kontroli mpaka ikubali. Ukirudia vya kutosha, siku moja itaingia ndani ya mpaka, kwa sababu hivyo ndivyo bahati inavyofanya kazi. Hujatengeneza chochote. Tafuta chanzo, rekebisha, thibitisha kwa kontroli, ndipo uangalie upya majibu ya wagonjwa yaliyopimwa tangu kontroli ya mwisho iliyokubalika.

Kontroli, hata hivyo, haiwezi kukuambia kwamba chupa mbili zimebadilishana majina. Hapo ndipo majibu ya jana yanaposaidia. MCV hubadilika taratibu sana, kwa wiki na miezi. Mgonjwa aliyekuwa na 88 jana akawa na 72 leo, bila kuongezewa damu, huenda si mgonjwa yule.

Takwimu za vipimo huleta mkanganyiko wa aina nyingine. Unyeti ni uwezo wa kipimo kuwakamata wagonjwa. Umahususi ni uwezo wake wa kuwaacha huru wazima. Vyote viwili ni tabia za kipimo. Lakini daktari hakuulizi hivyo. Anakuuliza: huyu aliyetoka chanya, ni mgonjwa kweli? Jibu la swali hilo linategemea pia ugonjwa umeenea kiasi gani kwa watu wanaopimwa.

Chukua kipimo chenye unyeti wa asilimia 95 na umahususi wa asilimia 95, upime watu 10,000 ambao asilimia 1 yao wanaumwa. Wagonjwa ni 100, kipimo kinawakamata 95. Wazima ni 9,900, na asilimia 5 yao, yaani 495, wanatoka chanya kimakosa. Jumla ya chanya ni 590, na wagonjwa halisi humo ni 95. Ni asilimia 16 tu. Kipimo hicho hicho kipeleke mahali ambapo asilimia 20 wanaumwa: chanya za kweli 1,900, za uongo 400, na sasa chanya inaaminika kwa asilimia 83. Kitendanishi hakikubadilika hata tone. Mtahiniwa akichora jedwali la visanduku vinne na kuweka watu 10,000, hahitaji kukumbuka fomula hata moja.

Vivyo hivyo kwa viwango vya kawaida. Vingi huwekwa kwa kuchukua asilimia 95 ya katikati ya watu wazima wa afya, maana yake mmoja kati ya 20 wenye afya huwa nje kwa kila kipimo. Mpe mtu mzima wa afya vipimo 20 visivyotegemeana, na uwezekano wa angalau kimoja kutoka nje ni asilimia 64. Namba yenye alama ya nyota kwenye fomu si ugonjwa.

Benki ya damu ndiyo sehemu ambayo shaka imeandikwa ndani ya kazi yenyewe. Kundi la ABO hupimwa mara mbili kwa njia zinazotazamana: seli za mgonjwa dhidi ya vitendanishi, na seramu yake dhidi ya seli zinazojulikana. Majibu yasipokubaliana, hutoi kundi. Tuseme seli zinagandamana kwa 4+, yaani kwa nguvu kabisa, na kizuia-A (kingamwili dhidi ya A), hazigandamani kabisa na kizuia-B. Seramu inagandamanisha seli za B kwa 4+, lakini pia seli za A1 kwa 1+. Kwa kawaida anayeshukiwa ni mjibu dhaifu, yaani ile 1+. Huenda mgonjwa ni A2, tawi la kundi A lisilo na A1, aliyetengeneza kingamwili dhidi ya A1. Huenda ana kingamwili ya baridi ya aina nyingine, au protini nyingi zinazopanga seli kama safu ya sarafu. Jaribu seramu dhidi ya seli za O: zikigandamana, shida si A1, kwa sababu O haina A. Osha au badilisha seramu kwa maji ya chumvi: safu ya sarafu itaachia, mgandamano wa kweli utabaki.

Kipimo cha antiglobulini, kinachotafuta kingamwili zilizoshika seli nyekundu, kilichoelezwa na Coombs, Mourant na Race mwaka 1945, kina hatua ambayo wanafunzi huiona ya ziada. Baada ya kupata hasi, unaongeza seli zilizopakwa kingamwili, na hizo lazima zigandamane. Zisipogandamana, hasi yako haina maana: pengine hukuosha vizuri, na globulini iliyobaki imemeza kitendanishi chote. Zikigandamana, huo ni ushahidi kwamba hasi ilitokana na mgonjwa. Kinga ina ndugu wa tatizo hili: kwenye kaswende ya hatua ya pili, kingamwili zinaweza kuwa nyingi mno kiasi kwamba kipimo cha RPR kinatoka hasi. Seramu ikizimuliwa, chanya inajitokeza.

Mikrobiolojia nitaipitia haraka, si kwa sababu ni ndogo bali kwa sababu sehemu yake kubwa kweli inahitaji kukaririwa, na hakuna njia ya mkato kwenye jedwali la bakteria. Hata huko, maswali mazuri yanauliza ubora. Makohozi yenye seli nyingi za kinywa na chembe nyeupe chache ni mate, hayaoteshwi. Bakteria wa Gram chanya wakioshwa na spiriti kupita kiasi huonekana wa waridi. Kwenye usikivu wa dawa, mchanganyiko wa bakteria ukiwa mzito kuliko 0.5 McFarland (kipimo cha ukungu wake), miduara isiyo na bakteria kuzunguka vidonge vya dawa inakuwa midogo na dawa inayofaa inaonekana imeshindwa. Agari ikiwa nyembamba kuliko milimita 4, miduara inapanuka na dawa iliyoshindwa inaonekana inafaa. Kosa hili la pili ndilo baya zaidi kwa mgonjwa.

Fomula nazo zina masharti, na mtahini huuliza masharti kuliko hesabu. Fomula ya Friedewald ya LDL, aina moja ya kolesteroli, yaani kolesteroli yote ukitoa HDL (aina nyingine) na trigliseridi iliyogawanywa kwa 5 katika mg/dL, haitumiki trigliseridi zikipita 400. Pengo la anioni, sodiamu ukitoa kloraidi na bikaboneti, likitoka hasi, shuku elektrodi au bromaidi kabla ya kushuku mwili. Andika sharti pembeni ya kila fomula siku unapoisoma. Mitihani mingine inabana muda: ule wa ASCP, chama cha wataalamu wa patholojia cha Marekani, una maswali 100 kwa dakika 150, na kompyuta huongeza ugumu kadiri unavyopata. Hapo hakuna nafasi ya kukumbuka sharti kwa kusukasuka kichwa.

Tahadhari moja, kwa sababu nimekufundisha kushuku. Seli nyekundu 1.37, himoglobini 4.1, hematokriti 12.3, MCV 90. Kontroli ziko sawa, sampuli haina bonge, wiki iliyopita MCV ilikuwa 89. Machaguo ni kupasha sampuli, kurudia kalibresheni, kuomba damu mpya, au kumpigia anayemhudumia mgonjwa. Watahiniwa waliosoma sana huomba damu mpya. Lakini zidisha: 1.37 kwa 3 ni 4.1, na 4.1 kwa 3 ni 12.3. Namba zote zinajuana, na mgonjwa huyu huenda anapoteza damu. Piga simu sasa hivi, mwambie aliyepokea ayarudie majibu ulivyoyasoma, kisha andika jina lake na saa.